UCHAMBUZI: Msimbo usio bayana unavyomnyima mgonjwa wa figo haki na muda

MZEE mmoja mkazi wa mtaa wa Kaloleni, jijini Nairobi, alimkabidhi mwandishi huyu bahasha ya kaki iliyojaa karatasi za hospitali za miaka sita. Alitaka asaidiwe kujua kwa nini ombi lake la kusafishwa damu lilikuwa limerudishwa.

"Karatasi hizi zote zinasema nina figo," alisema kwa kejeli ya wazee wa Eastlands. "Figo nilizaliwa nazo. Hakuna hata moja inayoniambia zinaumwa kiasi gani."

Alikuwa amesema kweli. Katika bahasha hiyo mlikuwa na majibu ya maabara, stakabadhi za malipo na barua za rufaa. Kila palipohitajika jina la ugonjwa, paliandikwa maneno yale yale: ugonjwa sugu wa figo. Hatua ya ugonjwa haikutajwa. Wala chanzo chake hakikutajwa, ingawa mzee huyo ametibiwa shinikizo la damu kwa zaidi ya mwongo mmoja.

Hospitali aliyokuwa akihudhuria ilipoomba idhini ya kumsafisha damu, karani alinakili msimbo uliokuwa kwenye faili. Msimbo huo ulimaanisha ugonjwa sugu wa figo ambao hatua yake haijabainishwa. Huduma iliyoombwa ilikuwa ya mtu ambaye figo zake zimefikia ukingoni. Maelezo mawili hayo hayakuoana, na ombi likarudi.

Kosa hilo lilirekebishwa baada ya siku chache. Lakini kwa mgonjwa anayesubiri mashine, siku chache si jambo dogo. Maji hujaa mwilini, pumzi hukata, na madini ya potasiamu yakizidi katika damu moyo unaweza kusimama.

Kisa hiki kinadhihirisha jambo ambalo halijapewa uzito katika mjadala mrefu wa bima ya afya nchini. Wakenya wamejadili makato, usajili na madeni ya hospitali. Ni nadra kuuliza ni nani anayeandika jina la ugonjwa katika dai la malipo, analiandika kwa usahihi gani, na nani huumia likiandikwa ovyo.

Kwanza msomaji afahamu msimbo wenyewe ni nini. Shirika la Afya Duniani (WHO) huchapisha orodha ya magonjwa yote inayojulikana kama ICD, ambapo kila ugonjwa hupewa alama ya herufi na tarakimu. Toleo la kumi na moja, ICD-11, liliidhinishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mwezi Mei 2019 na likaanza kutumika rasmi Januari 1, 2022.

Alama hizo ni lugha ya pamoja. Daktari wa Kisumu, mlipaji wa bima aliye Nairobi na mtakwimu aliye Geneva wanaweza kuelewana bila kusoma faili nzima. Ndiyo maana madai yanayowasilishwa kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) yanatakiwa kuonyesha utambuzi wa ugonjwa kwa msimbo, pamoja na huduma iliyotolewa.

Ugonjwa sugu wa figo hugawanywa katika hatua kulingana na kasi ya figo kuchuja damu, inayokadiriwa kwa mililita kwa dakika. Hatua ya kwanza ni kasi ya 90 na zaidi, na ya pili ni kati ya 60 na 89, mradi kuwe na dalili nyingine ya madhara kama vile protini katika mkojo. Hatua ya tatu imegawanywa mara mbili: 3a ni kati ya 45 na 59, na 3b ni kati ya 30 na 44. Ya nne ni kati ya 15 na 29. Ikiwa chini ya 15, mgonjwa yumo katika hatua ya tano.

Kwa muda mrefu madaktari na makarani walizoea toleo la kumi, ambamo ugonjwa huu uko chini ya N18. Huko mambo yalikuwa mepesi kukumbuka. Hatua ya pili ni N18.2, ya tatu N18.3, ya nne N18.4. Tarakimu ya mwisho ndiyo hatua yenyewe. Isiyobainishwa ni N18.9.

Katika ICD-11 ugonjwa huu uko chini ya GB61, na hesabu imebadilika. Hatua ya kwanza ni GB61.0 na ya pili ni GB61.1. Hatua ya 3a ni GB61.2, na ya 3b ni GB61.3. Ya nne na ya tano ni GB61.4 na GB61.5. Isiyobainishwa ni GB61.Z.

Mtego uko hapo. Karani aliyezoea mtindo wa zamani, akiambiwa mgonjwa yuko hatua ya pili, anaweza kuandika GB61.2 akidhani amefanya sawa. Kumbe amemhamisha mgonjwa hadi hatua ya 3a. Akiambiwa hatua ya tatu, ataandika GB61.3, na kila mgonjwa wa hatua hiyo atakuwa ametiwa katika 3b, hata yule ambaye figo zake zina nafuu.

Makosa ya namna hii hayaonekani kwa macho. Dai huenda likalipwa bila swali. Lakini rekodi ya mgonjwa itakuwa imeharibika, na akihamia hospitali nyingine daktari mpya atasoma kwamba ugonjwa umepungua au umezidi ilhali kilichobadilika ni kalamu ya karani.

Baadhi ya watu watasema hayo ni mambo ya ofisini. Muradi mgonjwa atibiwe, tarakimu zina umuhimu gani? Hoja hiyo ina mvuto, lakini haizingatii jinsi hatua ya ugonjwa inavyoamua matibabu.

Dawa ya kisukari aina ya metformin, inayotumiwa na wengi, hupunguzwa kiwango kasi ya kuchuja ikishuka chini ya 45 na husimamishwa ikishuka chini ya 30. Dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen, zinazouzwa katika kila duka la dawa kando ya barabara ya Jogoo, huweza kuziumiza zaidi figo zilizokwisha dhoofika. Muuza dawa anayeona maneno "ugonjwa wa figo" pekee hana habari kama anazungumza na mtu wa hatua ya pili au ya nne.

Hatua ya nne ndiyo wakati wa kujiandaa. Mgonjwa hushauriwa kuhusu upandikizaji, jamaa wa kumtolea figo hutafutwa, na mishipa ya mkono huunganishwa kwa upasuaji mdogo ili iwe tayari kwa mashine. Asiyeandaliwa hufikishwa hospitalini usiku akihema, akatiwa mrija shingoni. Mrija huo huleta hatari kubwa ya maambukizi kuliko mshipa ulioandaliwa mapema.

Mzee wa Kaloleni hakuandaliwa. Hakuna aliyekusudia kumdhuru. Ni kwamba katika karatasi zake zote hapakuwa na neno lililosema kwamba wakati wa kujiandaa umefika.

Inawezekana kutetea wahudumu kwamba vipimo vilikosekana. Katika bahasha ile havikukosekana. Kreatinini, taka ya mwili ambayo figo huitoa katika damu, ilikuwa imepimwa mara kadhaa na kila mara ilikuwa imepanda. Kilichokosekana ni hesabu moja fupi ya kugeuza kipimo kile kuwa kasi ya kuchuja, na mtu wa kuandika jibu lake.

Hesabu hiyo ina maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Chukua kreatinini ya mikromoli 115 kwa lita. Kwa kijana wa kiume wa miaka 25, kanuni inayotumika duniani tangu 2021 hutoa kasi ya takriban 78. Kwa ajuza wa miaka 70, kreatinini hiyo hiyo hutoa takriban 44. Kijana huenda hana ugonjwa wowote. Bibi yumo katika hatua ya 3b, tena bila kuhisi maumivu yoyote.

Maabara inayochapisha kreatinini peke yake humwachia daktari mwenye foleni ndefu kazi ya kukisia. Inayochapisha pia kasi ya kuchuja humpa hatua papo hapo. Tofauti kati ya maabara hizo mbili si mashine ya mamilioni. Ni mstari mmoja katika karatasi ya majibu.

Sasa tuangalie upande wa fedha. Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali (NHIF), iliyoanzishwa 1966, ilifikia kulipa Sh9,500 kwa kila kikao cha kusafisha damu. SHA ilichukua nafasi yake Oktoba 1, 2024, chini ya Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023. Katika viwango vilivyotangazwa mwishoni mwa mwaka huo, malipo ya kikao yalipandishwa hadi Sh10,650.

Nyongeza hiyo ilikuwa afueni kwa wagonjwa na hospitali. Kwa mgonjwa wa vikao viwili kila wiki, hesabu ya mwaka ni Sh1,107,600. Mgonjwa wa Kaloleni anayeishi kwa vibarua hawezi kamwe kuzimudu fedha hizo bila bima. Anayedharau umuhimu wa malipo haya hajawahi kuketi kando ya mashine hiyo.

Hata hivyo, kikao ni bidhaa inayohesabika, yenye bei na mstari wake katika dai. Kumgundua mtu katika hatua ya 3a, kumdhibiti shinikizo la damu na kumpima tena baada ya miezi michache hakuna mvuto huo kwa hospitali. Pale malipo yanapofuata mashine, hospitali haina sababu ya kujisumbua kuandika hatua kabla ya mashine kuhitajika. Msimbo usiobainisha huwa ni matokeo ya mpango huo kama ulivyo matokeo ya uzembe.

Sheria ya 2023 ilikuwa na dawa ya tatizo hili. Iliunda hazina tatu: ya Afya ya Msingi kwa vituo vya mitaani, ya Bima ya Afya ya Jamii kwa hospitali, na ya Dharura, Magonjwa Sugu na Mahututi kwa mgonjwa aliyemaliza kiwango chake cha bima. Kwa mpango huo, mgonjwa wa figo alipaswa kugunduliwa na hazina ya kwanza ili asifike kwenye ya tatu.

Gharama ya kupima kreatinini na protini ya mkojo ni sehemu ndogo tu ya kikao kimoja cha mashine. Lakini ikiwa zahanati itaandika "ugonjwa wa figo" pasipo hatua, anayesimamia hazina hizo hatajua ni watu wangapi wako hatua ya tatu katika Makadara, wangapi wanaelekea ya nne, na mashine ngapi zitahitajika baada ya miaka mitano. Ataona waliokwisha kulala kando ya mashine, basi.

Serikali imewahi kununua mashine bila picha kamili. Mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu ulioanza 2015 ulipeleka mashine za kusafisha damu katika hospitali za kaunti zote. Uliwaokoa wengi waliokuwa wakisafiri usiku kucha hadi Nairobi au Eldoret. Lakini mashine haihesabu wagonjwa ambao bado hawajaifikia. Kazi hiyo hufanywa na kalamu ya daktari.

Wengine wamepitia njia hii kabla yetu. Nchini Marekani, ambako tangu sheria ya 1972 serikali hulipia wagonjwa wa figo zilizoshindwa bila kujali umri, hatua ya tatu ilikuwa na msimbo mmoja hadi Oktoba 1, 2020, ilipogawanywa ili 3a na 3b zitambulike. Katika mipango ya bima ya wazee inayosimamiwa na kampuni za kibinafsi, msimbo wa hatua isiyobainishwa haumwongezei mlipwaji senti, ilhali hatua zilizobainishwa kuanzia ya tatu huongeza malipo.

Utaratibu huo uliwafanya madaktari wa huko waandike kwa makini. Pia ulizua kishawishi cha kuwafanya wagonjwa waonekane wagonjwa zaidi kuliko walivyo, na serikali ikaingia katika kesi za miaka mingi na baadhi ya kampuni. Penye malipo kwa msimbo, msimbo hugeuka bidhaa.

Kenya haina kinga dhidi ya hilo. Mwezi Agosti 2025, Waziri wa Afya Aden Duale alitangaza kwamba SHA ilikuwa imekataa madai ya Sh10.6 bilioni. Miongoni mwa hila zilizotajwa ni kupandisha kiwango cha huduma kuliko iliyotolewa, na kugeuza wagonjwa wa kutibiwa na kwenda nyumbani kuwa waliolazwa.

Kwa hiyo wito wa kuandika hatua bayana hauna maana ya kuandika hatua kubwa. Msimbo bayana usio na ushahidi ni mbaya kuliko msimbo usiobainisha, kwa kuwa wa pili angalau unakiri kwamba haujui. Mgonjwa aliyebandikwa hatua ya nne kwa kipimo kimoja alichofanyiwa akiwa na malaria kali au ameishiwa maji mwilini kwa kuhara, huenda figo zake zikarejea hali ya kawaida baada ya wiki mbili. Lebo itabaki kwenye kompyuta.

Ndiyo maana kanuni ya kitabibu inataka hali hiyo idumu kwa zaidi ya miezi mitatu kabla ya kuitwa ugonjwa sugu. Figo zilizoshindwa ghafla zina msimbo wao tofauti, GB60. Anayezichanganya hali hizi mbili anaweza kumtisha mtu kwa ugonjwa wa maisha asiokuwa nao, au kumtibu kama wa muda mtu anayehitaji kuandaliwa kwa mashine.

Yapo mambo manne yanayoweza kufanywa bila kusubiri sheria mpya.

La kwanza, kila maabara inayopima kreatinini ya mtu mzima ichapishe pia kasi ya kuchuja, na programu za hospitali zioneshe hatua inayolingana na kasi hiyo. Karani asiachwe akumbuke kwamba GB61.2 ni 3a.

La pili, msimbo uchaguliwe na aliyemwona mgonjwa, awe daktari au afisa wa kliniki, pamoja na chanzo cha ugonjwa. ICD-11 inaruhusu misimbo miwili kuunganishwa kwa mkwaju, kwa mfano GB61.3/5A11 kwa mgonjwa wa hatua ya 3b mwenye kisukari cha aina ya pili. Karani abaki na kazi ya kuhakikisha kwamba kilichoandikwa ndicho kilichotumwa.

La tatu, SHA ikubali GB61.Z katika ziara ya kwanza, wakati ukweli haujajulikana, lakini ihoji msimbo huo ukiendelea kutumiwa baada ya miezi mitatu. Na inapouhoji, iirudishie hospitali karatasi huku mgonjwa akiendelea kutibiwa. Adhabu ya kosa la ofisi isilipwe kwa damu ya mgonjwa. Mabadiliko ya Oktoba 2024 kutoka NHIF hadi SHA, ambapo baadhi ya wagonjwa wa kusafishwa damu waliripoti kutakiwa kulipa pesa taslimu, yalionyesha jinsi watu hawa wasivyo na nafasi ya kusubiri.

La nne, mgonjwa aambiwe. Apewe kadi ndogo yenye hatua, kasi ya kuchuja na tarehe ya kipimo, kama ile ya chanjo ya mtoto. Habari za afya ni siri yake chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, lakini siri hiyo haikukusudiwa kufichwa kwake mwenyewe.

Ulimwengu umeanza kulitazama suala hili. Mei 2025, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio lake la kwanza linalohusu afya ya figo, ukizihimiza nchi kuimarisha kinga na utambuzi wa mapema. Azimio la Geneva halitakuwa na maana Makadara ikiwa zahanati haitaweza kusema ni nani yuko hatua gani.

Kaloleni ni mahali pazuri pa kuanzia. Nyumba zake za enzi ya ukoloni zimejaa wapangaji waliozeeka humo, wengi wao wakiwa na shinikizo la damu au kisukari, na wanajuana kwa majina. Ukumbi wake wa kijamii ulitumiwa na wanasiasa wa kupigania uhuru kudai kwamba Mwafrika ahesabiwe kama raia, asihesabiwe kama nguvu kazi tu. Asubuhi moja ya kupima mkojo na damu katika ukumbi huo, na majibu yaandikwe kwa hatua, ingetoa picha ambayo bahasha ya mzee yule haikuwahi kutoa kwa miaka sita.

Mzee mwenyewe sasa huenda kwenye mashine mara mbili kwa wiki. Katika jalada la bahasha yake ameandika kwa kalamu ya wino, kwa mkono unaotetemeka, msimbo aliopewa hatimaye: GB61.5. Ni bayana kabisa. Laiti angepewa GB61.2 mapema, wakati ambapo ufa ulikuwa bado unazibika.